Ramani Niliyoichora Nusu

Kila Jumanne, saa kumi na mbili jioni, nilifundisha watu wazima Kiswahili katika chumba cha shule ya watoto kule Rågsved, pembeni mwa Stockholm, kwenye viti vidogo ambavyo mtu mzima alikalia magoti yakiwa karibu na kidevu. Mchana nilikuwa maabara ya hospitali, nikiwatoa watu damu na kuhesabu chembe kwenye darubini. Nilifika darasani macho mazito na vidole vikinuka spiriti hata baada ya kuviosha mara mbili. Sikuwa nimesomea ualimu. Nilikuwa Mtanzania aliyeletwa Stockholm mwishoni mwa miaka ya sitini kujifunza kazi ya maabara. Mafunzo yakaisha, kazi ikapatikana, nikabaki.

Nieleze kwanza darasa lile lilikuwa la namna gani, maana asiyeishi Sweden anaweza kudhani ilikuwa shule ya jioni yenye mitihani. Waswidi wana desturi ya kukutana watu sita au saba wanaotaka kujifunza kitu kimoja, iwe ni kufuma, kupiga gitaa au historia ya reli. Chama fulani kinawapa chumba, chaki na kahawa. Hakuna mtihani wala cheti. Kinachotakiwa ni orodha ya mahudhurio ijazwe vizuri, na kahawa inywewe saa moja kamili. Mwanafunzi anaweza kukosa kuelewa somo zima na hakuna atakayemlaumu, lakini akikosa kahawa na mkate wa mdalasini watu watauliza kama anaumwa.

Wanafunzi wangu wengi walikuwa vijana wanaojiandaa kwenda Tanzania kuchimba visima au kufundisha. Walikuja, wakajifunza salamu na hesabu, wakaondoka, wakaja wengine. Aliyedumu alikuwa mzee mmoja mstaafu wa posta, ambaye binti yake alikuwa akifanya kazi Iringa. Alikuwa akiandika kila neno kwenye kadi ndogo na kuzipanga kwenye sanduku kama barua. Alinisaidia pia rafiki yangu Mkenya, muuguzi katika hospitali niliyofanyia kazi, aliyekuja kila Jumanne aliyokuwa na nafasi ili wanafunzi wasikie sauti ya pili. Kila mara alinikosoa mbele yao, nami nikamkosoa, na Waswidi waliandika yote mawili.

Msimu wa vuli wa mwaka sabini na tatu akaja Mmarekani mweusi. Alikuwa na miaka ishirini na minne hivi, mrefu, nywele zimeachwa zikawa duara, na juu ya shati la kitenge alivaa sweta nzito, kisha juu ya sweta koti. Alikuwa ametoroka jeshi. Kambi yake ilikuwa Ujerumani, na waliposikia kwamba kikosi chao kitapelekwa Vietnam alipanda treni kuja kaskazini, kisha feri, na Sweden ikampa kibali cha kukaa. Walikuwapo wengi wa namna yake mjini wakati ule. Yeye alifungasha maboksi kwenye ghala moja kule Jordbro, na Jumamosi asubuhi aliwafundisha vijana wa Rågsved mpira wa kikapu. Chumbani kwake alibandika picha ya yule bondia aliyekataa kwenda vitani akavuliwa ubingwa. Alisema wengine huweka picha ya Yesu pale, naye mama yake asingependa kusikia hivyo, kwa hiyo nisije nikamwambia.

Alisoma kuliko wote. Nilipofundisha shikamoo, Waswidi walihangaika. Ilikuwa miaka michache tu tangu wao wenyewe waache kuitana kwa vyeo; sasa daktari na mfagiaji waliitana "wewe" na walijivunia jambo hilo. Kijana mmoja wa visima aliniuliza kama salamu ile si ya kumnyenyekea mtu. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba siku hizi anayeitoa haonekani mdogo; anayeipokea ndiye anayepewa kazi. Lazima aitikie marahaba. Mkubwa asipoitikia, mambo yamesimama pale pale, mdogo hawezi kuendelea na habari nyingine. Kwa hiyo ukishasema shikamoo, nyamaza. Mpe mkubwa nafasi yake.

Mmarekani akacheka. "Kwetu kusini," akasema, "usipomwitikia mama kwa heshima hupati chakula. Hii naijua."

Tangu siku ile alinisalimu shikamoo, mwalimu, ingawa nilimzidi miaka saba tu, na alisimama kimya hadi niitikie, hata kama nilikuwa na kipande cha mkate mdomoni.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Katika somo la kwanza la kila mwaka nilichora ramani ubaoni. Nilichora pwani ya mashariki tu, kutoka Somalia hadi Msumbiji, kisha nikavuta mistari kwenda bara mpaka Kongo na kupaka chaki palipo na Kiswahili. Upande wa magharibi niliuacha. Ubao ulikuwa mdogo, na sikuona kazi yake. Siku ya kwanza ya Mmarekani, wenzake walipokuwa wanafuata kahawa, yeye alibaki ubaoni. Aliweka kidole kwenye pwani, karibu na Bagamoyo, akasema kwa Kiingereza, polepole, "Kwa hiyo ni hapa walipotuchukua."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikamwambia, "Njoo unywe kahawa kwanza. Inapoa."

Nilijua. Mtoto yeyote wa sekondari kwetu anajua kwamba meli zilizopeleka watu Marekani, karibu zote, zilipakia upande wa pili wa bara, kuanzia Senegali kushuka mpaka Angola, na kwamba watu hao hawakuwa wakizungumza Kiswahili. Wamarekani weusi wengi walikipenda Kiswahili miaka ile, wakawapa watoto majina, wakajifunza salamu, kwa sababu kilikuwa lugha ya Afrika isiyo ya kabila moja. Hilo ni jambo zuri na halihitaji babu. Lakini kijana huyu alipata vitabu vichache na rafiki mmoja wa kambini mwenye orodha ya maneno hamsini, akajaza mwenyewe yaliyobaki. Ningeweza kumweleza kwa dakika mbili. Kueleza ndiyo tabia yangu; nimemweleza mpaka konda wa treni kwa nini amekosea kuhusu ikweta. Siku ile nilikuwa nimechoka. Na nikiri pia kwamba ilinipendeza. Miaka miwili kabla nilikuwa nimepata telegramu kwamba mama amefariki, nikaipata akiwa ameshazikwa, na tangu hapo hakuna mtu mjini aliyekuwa amesema "sisi" akiwa na maana ya yeye na mimi.

Rafiki yangu Mkenya aliona. Kwenye treni alinigeukia.

"Wewe, huyo kijana umemwambia hayo maneno ya pwani?"

"Nitamwambia."

"Lini? Siku ya kupewa cheti?"

"Hatutoi vyeti."

"Ndio nasema." Akafungua mkoba, akatafuta peremende. "Nyinyi Watanzania, bwana. Mtu akiwauliza njia msiyoijua, mnamsindikiza."

"Na nyinyi mnamwambia amepotea kabla hamjamsalimia."

"Lakini anajua amepotea."

Sikumwambia. Wiki ikawa mwezi, na mwezi ukawa mwaka. Kijana alimwandikia mama yake kila Jumapili, na barua zile zilikuwa zinafanya kazi ambayo mimi sikuijua. Mama aliishi mji mdogo wa kusini mwa Marekani na aliimba kwaya kanisani. Aliwasomea wanakwaya wenzake barua. Siku moja wakati wa kahawa kijana akaniambia, uso uking'aa, "Mama amekata picha ya Kilimanjaro kwenye kalenda. Ameiweka ukutani. Mlima wenu, mwalimu. Kila anayeingia anaonyeshwa tulikotoka."

Mimi ni Mpare. Nimekua nikiuona mlima ule asubuhi mawingu yakiruhusu. Nilitazama kikombe changu, nikamuuliza kama anataka mkate mwingine.

Agosti ya sabini na nne rais wa Marekani akajiuzulu. Sweden nzima ilizungumzia jambo hilo, kwenye foleni za duka, hospitalini, hata wagonjwa niliokuwa nawachoma sindano walitaka maoni yangu. Darasa lilipofunguliwa Septemba, nilitumia habari ile kwa mazoezi ya sentensi.

"Rais wa Marekani amejiuzulu," mzee wa posta akasoma kwenye kadi yake.

"Ameondoka kabla hajafukuzwa," Mmarekani akasema. Sentensi ilikuwa safi kabisa, nikampongeza.

Wiki ya pili rais mpya akamsamehe rais wa zamani makosa yote. Na wiki iliyofuata akatangaza kwamba hata waliotoroka jeshi wanaweza kurudi, kwa masharti. Mtu ajisalimishe, aape tena utii kwa nchi, afanye kazi ya umma mpaka miaka miwili, kisha apewe karatasi ya kumtoa jeshini ambayo kila mwajiri angeielewa. Mzee wa posta aliyaleta hayo kwenye gazeti, akamwekea mezani, kwa nia njema. Kijana akasoma, au akajifanya anasoma, maana Kiswidi chake hakikuwa kizuri.

"Yule mkubwa amesamehewa," akasema kwa Kiswahili, akitafuta neno moja moja. "Hajafanya kazi hata siku moja."

Nikajaza orodha ya mahudhurio, na tukaenda kwenye kahawa dakika kumi kabla ya wakati, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Mwezi Oktoba dada yake alimwandikia kwamba mama ana saratani, imesambaa, na daktari hadhani atafika Pasaka. Alinisomea barua ile tukiwa tumesimama kwenye korido ya shule, penye ndoano ndogo za makoti ya watoto. Mama hakuwa na nguvu ya kushika simu. Lakini alikuwa na mashine ya kaseti kando ya kitanda, na alipenda kusikiliza kaseti za kwaya. Dada alimwomba arekodi sauti yake na kuituma.

"Na kurudi?" nikamuuliza. "Ile ruhusa?"

"Karatasi zitachukua miezi. Na mama amekataa. Amemwambia dada, asije kuapa mbele ya wale watu kwa ajili yangu." Akaikunja barua kwa uangalifu, akafuata mikunjo ya zamani. "Nataka dakika tatu za Kiswahili, mwalimu. Asikie lugha yetu kwa sauti yangu kabla hajaondoka. Ameisubiri mwaka mzima. Utanisaidia kuandika?"

Nikasema ndiyo. Nikasema Jumanne ijayo. Ningesema lolote ili nitoke kwenye korido ile.

Wiki ile hospitalini nilifanya kazi vibaya. Niliandika jina la mgonjwa mmoja kwenye chupa za damu za watu wawili, nikagundua kabla ya madhara. Wakati wa chakula rafiki yangu alikaa mbele yangu na sinia lake.

"Ukimwambia sasa, utamuua," akasema. "Usipomwambia, mama atakufa na uongo ukutani."

"Sijui la kufanya."

"Ulijua mwaka jana. Sasa fanya tu." Kisha akanisogezea pudini yake, ambayo hakuwa na kawaida ya kumgawia mtu.

Jambo lenyewe lililetwa na ndondi. Wiki ile ile, mwisho wa Oktoba, yule bondia wa kwenye picha alipigana Kinshasa, akamwangusha bingwa mkubwa kuliko yeye, akarudishiwa ubingwa alioporwa kwa kukataa vita. Jumanne iliyofuata kijana aliingia darasani akiwa amenyoosha mikono juu, na hata mimi nilicheka. Mzee wa posta alileta gazeti la wiki ile lenye ramani ya Afrika nzima, Kinshasa imewekewa nyota. Akalibandika ubaoni kwa vipande vya gundi ya karatasi. Kisha, kwa Kiswahili chake cha kadi, akauliza swali alilokuwa ameliandaa nyumbani.

"Bondia amesema amerudi nyumbani. Kinshasa ni magharibi. Watu wa Marekani walitoka magharibi. Wewe ulitoka mashariki. Mababu zako walipita njia gani?"

Hakuwa na ubaya hata kidogo. Alitaka kujua, kama alivyotaka kujua kila kitu. Kijana akanitazama mimi, akitabasamu, akisubiri nijibu kwa niaba yetu.

Nikawaambia wengine waende kwenye kahawa. Rafiki yangu aliwachukua, akafunga mlango. Nilisimama kwenye ramani ya gazeti nikamweleza, kwa Kiingereza, kwa namna ninayomweleza mgonjwa majibu ya damu: kwanza tunachojua, kisha tusichojua. Nikampitishia kidole pwani ya magharibi, Senegali, Ghana, Nigeria, Kongo, Angola. Nikamwambia kwamba wachache walitoka upande wetu, ila ni wachache sana, na Marekani walifika kwa nadra. Nikamwambia nilijua tangu siku ya kwanza.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Mama ameweka mlima wako ukutani."

"Ndiyo."

Hakupaza sauti. Aliketi kwenye kiti kimojawapo, magoti juu, akakitazama kiatu chake. Akauliza, "Bibi yako alizungumza Kiswahili?"

"Hapana. Kipare."

"Na mama yako?"

"Kipare. Kiswahili kidogo, cha sokoni na cha kanisani."

"Kwa hiyo na wewe ulijifunza."

"Shuleni. Nikiwa na miaka saba. Kwa viboko."

"Na wewe ndiye mwenye lugha," akasema, "na mimi ndiye niliyekosea." Akachukua koti. Alipofika mlangoni alisimama, nikadhani atasema kwaheri, mwalimu, au atasema neno baya. Akatoka.

Jumanne iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena hakuja. Kwenye orodha ya mahudhurio niliacha nafasi zake wazi badala ya kuandika kwamba hayupo. Chama kikanirudishia fomu, wakiniuliza kwa adabu ile nafasi ina maana gani. Mzee wa posta alikuwa ameelewa alichofungua na alikuwa na huzuni. Kila mara aliniuliza kama aende Jordbro kuomba msamaha. Nikamwambia kosa si lake. Nilimwambia mara nyingi, kwa sababu kwa kweli nilikuwa najiambia mwenyewe kosa ni la nani.

Nililokuwa nalo moyoni siku zile ni swali la kijana kuhusu mama yangu. Niliposoma telegramu ile, mwaka sabini na moja, nilijaribu kuomba dua ya kumuaga, na ikanijia kwa Kiswahili, lugha ya ibada na ya shule. Mama asingejiona ndani yake. Nikaiacha katikati, nikaenda kazini. Nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu hilo.

Jumamosi moja ya Novemba, saa nane mchana, kengele ya mlango ikalia. Alikuwa yeye, amebeba mashine ya kaseti ya mzee wa posta ikiwa imefungwa kwenye taulo ili isipate baridi. Kumbe mzee alikwenda Jordbro kweli.

"Shikamoo," akasema. Hakuongeza mwalimu.

"Marahaba. Ingia."

Rafiki yangu alikuwa kwangu, tumekaa tunamenya viazi. Akainuka kumpa kiti, akamwambia, "Ulikuwa umetupotea, wewe. Huyu hapa amekonda, mwangalie. Mimi nimefurahi, nguo zake sasa zinanitosha." Kijana akacheka kidogo bila kutaka, na chumba kikawa na hewa.

Akaweka mashine mezani kati ya maganda. Alisema amejaribu kurekodi peke yake mara nne na kila mara alisimama. Dada ameandika tena: mama analala sana sasa. Kaseti lazima itumwe Jumatatu.

"Utasema nini?" nikamuuliza.

"Ndilo lililonileta."

Nje, uani, mtu alikuwa anapiga zulia kwenye fremu ya chuma, kama Waswidi wanavyofanya Jumamosi. Tulisubiri amalize. Hakumaliza. Mwishowe kijana akabonyeza kitufe na kuanza, na ule mdundo ukaingia kwenye kaseti.

Alianza kwa Kiingereza. Alimwambia mama kwamba alikosea kwenye ramani. Kwamba mlima ule ni mzuri lakini si wao, na asiuondoe kama anaupenda. Kwamba hajui walikotoka, na kwamba hakuna aliyemwambia uongo kwa ubaya. Alimweleza ghala, na baridi, na vijana wanaorusha mpira kwa mikono miwili kama ndoo ya maji. Alimweleza kwamba ile lugha amejifunza Jumanne usiku unapoingia mapema, kwa watu waliompa kahawa, na kwamba mwalimu mwenyewe alijifunza ukubwani, au karibu na ukubwani. Nilitaka kusema saba si ukubwani.

Kisha akasukuma kile kipaza sauti mbele yangu. "Sema na wewe," akasema. "Ulimnyamazia na yeye."

Nilisema kwa Kiingereza jina langu na kazi yangu, na kwamba kosa la ramani ni langu, naomba anisamehe. Nikasema ana mtoto mwenye bidii. Hayo nilikuwa nimeyapanga. Kisha sikujua niachie wapi, na mashine ilikuwa inazunguka, na zulia linapigwa, nikajikuta ninaongea Kipare. Nilimwambia mama wa mtu, mgonjwa, wa nchi nisiyowahi kuiona, yale ambayo binti humwambia mama anapolala: kwamba mahindi yameingia ndani, kwamba mlango umefungwa, kwamba apumzike, tupo. Hayakuwa mengi. Rafiki yangu, ambaye hakuelewa hata neno moja, aliacha kumenya.

Kijana hakuuliza nilichosema. Alichukua kipaza sauti. Akamweleza mama yake, kwa Kiingereza, kwamba kuna salamu moja amejifunza ambayo haiwezi kusemwa na mtu mmoja. Mimi nitasema hivi, na wewe utajibu hivi. Akalirudia jibu mara tatu, silabi kwa silabi, kama nilivyowafundisha. Nitanyamaza nikusubiri, akasema.

"Shikamoo, mama."

Na akanyamaza. Sisi sote tulinyamaza. Aliuacha ule ukimya uende muda mrefu kuliko ningefanya mimi, mpaka mtu wa uani akapumzisha mkono, ikabaki sauti ya mashine peke yake. Kisha akasema, kwa Kiingereza, asante mama, lala salama, akabonyeza kitufe.

"Viazi vitakuwa vyeusi," rafiki yangu akasema, na tukamalizia kumenya.

Jibu lilifika wiki moja kabla ya Krismasi. Alilileta darasani, akanipa nisome mwenyewe. Dada aliandika kwamba mama alisikiliza macho yamefumba. Aliuliza kwa nini kuna mtu anagonga. Kuhusu mlima hakusema lolote, na picha bado iko pale pale. Kwenye salamu alichelewa. Alipofungua mdomo mwanawe alikuwa ameshaendelea. Akataka irudishwe nyuma. Mara ya pili alisahau neno. Mara ya tatu aliliwahi, akaitikia, akasema sasa izimeni. Mama alifariki mwezi Februari.

Tulikwenda chumbani kwa kijana kukaa naye, kama ifanyikavyo kwetu, tukakaa kwenye kitanda na sakafuni, darasa zima. Vijana wa visima hawakujua waseme nini, nikawaambia hakuna cha kusema, kaeni tu, mseme pole na mle. Walikaa vizuri kuliko nilivyotegemea.

Miaka miwili baadaye rais mwingine aliingia, na siku yake ya kwanza kazini akawasamehe wote waliokataa wito wa jeshi. Walioingia kisha wakatoroka, kama kijana wetu, hawakuwemo. Alinieleza tofauti hiyo kwa subira, kwenye treni, kwa Kiswahili, nikamwacha aieleze yote ingawa nilikuwa nimeisoma asubuhi. Tulikuwa tumechoka wote wawili.

Msimu wa vuli uliofuata, katika somo la kwanza, nilichora pwani ya mashariki kama kawaida, nikampa chaki achore ya magharibi. Aliichora vibaya. Ghuba ya Guinea ikaingia ndani sana, na mzee wa posta akasimama kuirekebisha kwa mkono wa sweta. Msichana mmoja mgeni, aliyekuwa anakwenda Mwanza, akamuuliza Mmarekani anatoka sehemu gani ya pale.

"Sijui," akasema. "Hapa." Akaweka kiganja chote ubaoni, vidole vimetanuka, kutoka Senegali mpaka karibu na Angola, na alipokiondoa kilikuwa cheupe kwa chaki.

Birika lilikuwa linaanza kulia. Nikaliacha lilie, mpaka msichana alipomaliza maswali yake.